Samagoal na hesabu za 2027

KUNA kijana wa bodaboda pale Kongowe, hii ya Kibaha kwenye Barabara ya Morogoro, siyo ile ya kule mbele ya Mbagala, anavaa jezi ya Aston Villa yenye namba 20 mgongoni. Imepauka. Jina la Samatta limebanduka, zimebaki herufi nne tu. Ukitaka kijiwe kizima kikugeukie, mwambie akanunue jezi nyingine.

Siku niliyopita hapo hakuna aliyekuwa anabishania Simba wala Yanga, jambo ambalo lenyewe ni habari. Ubishi ulikuwa kama Mbwana Samatta aage Taifa Stars sasa, au aachwe mpaka Afcon ya 2027 itakayochezwa hapa nyumbani, Kenya na Uganda. Wengine wanasema miguu imegoma. Wengine hawataki hata kusikia. Nilisimama kununua maji, nikajikuta nimekaa saa nzima.

Tuseme ukweli, wanaosema ameshuka hawamuonei. Afcon iliyopita kule Morocco, Stars ilivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia. Ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, ikatoka tena 1-1 na Tunisia, kisha wenyeji wakaitoa kwa bao 1-0 hatua ya 16 bora. Waliofunga mabao yetu ni Charles M'Mombwa, Simon Msuva kwa penalti na Feisal Salum 'Fei Toto'. Nahodha hakufunga hata moja. Zamani goli la Stars lilikuwa na jina lake kabla mpira haujaanza.

Samatta wa Genk alikuwa mtu wa kukimbilia nyuma ya mabeki. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 kwenye Ligi Kuu ya Ubelgiji, Genk ikatwaa ubingwa. Nyuma yake walikuwepo Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi, watu ambao ukiinua mkono tu mpira umeshafika. Yeye kazi yake ilikuwa ile hatua ya kwanza, beki akigeuka anakuta namba tu. Hatua hiyo ndiyo inayoondoka mapema kuliko vyote kwa mshambuliaji. Kichwa kinabaki, maarifa yanabaki, lakini beki wa miaka 22 anakuwahi kwa nusu mita na mpira umekwisha.

Baada ya pale unajua safari ilivyokuwa. Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu England, na bao la kichwa kwa Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Halafu Fenerbahce, Antwerp, Genk tena, PAOK aliyotwaa nayo ubingwa wa Ugiriki 2024, na sasa Le Havre ya Ufaransa. Mtu wa miaka 33 kucheza Ligue 1 siyo mchezo, wanaomcheka wengi wao hata ndondo hawapangwi. Ila mabao hayaji kama zamani, na hilo halihitaji mwalimu wa hesabu.

Kinachonitisha mimi ni namna tunavyoagana na watu wetu. Mwanzoni mwa 2016 kocha Charles Boniface Mkwasa alimvua Nadir Haroub 'Cannavaro' kitambaa cha unahodha, akampa kijana wa miaka 23 aliyekuwa ametoka kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kijana huyo ndiye Samatta. Cannavaro hakupendezwa na jinsi jambo lilivyofanyika, akatangaza kuachana na Stars. Uamuzi wa kumpa Samatta ulikuwa sahihi kabisa. Namna ndiyo iliyouma, na kitambaa hicho hicho sasa kinatafuta mkono mwingine.

Upande wa pili kuna Juma Kaseja. Alikaa miaka nje ya Stars, watu wakamzika, 2019 akarudishwa na akapangua penalti Kasarani tulipoitoa Kenya kuwania CHAN. Ndiyo maana wazee wa kijiweni wakisikia neno kustaafu wanatikisa kichwa. Lakini Kaseja ni kipa bwana, kipa hakimbizani na mtu.

Mimi naona jibu halipo kwenye kustaafu au kubaki, lipo kwenye dakika. Samatta wa kuanza mechi tatu ndani ya wiki moja na nusu, hapana. Samatta wa kuingia dakika ya 70, mabeki wamechoka, kona zinapigwa, mpira unatakiwa kutulizwa kifuani ili Msuva na Fei wapande, huyo bado yupo na sina mwingine wa kumfananisha naye. Ila lazima mtu amkalishe chini amwambie hivyo usoni, mapema, kabla hajaliona jina lake benchi kwenye karatasi ya kikosi. Na yeye akubali, maana kuna manahodha wasiojua kukaa benchi.

Afcon ikianza 2027 atakuwa na miaka 34. Nilipomuuliza yule wa jezi kama atakwenda kwa Mkapa, alisema hela ya tiketi ameshaanza kuweka, halafu akapata abiria wa Visiga akawasha pikipiki.