Kompyuta Moja, Mifumo Endeshi Miwili

Mama mmoja wa Chekereni, mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa mpunga, alituletea kompyuta mpakato yenye miaka minane. Ilikuwa inatumia Windows 10, na fundi mmoja alikuwa amemwambia aitupe anunue mpya. Ndani yake mlikuwa na mahesabu ya misimu sita, katika programu inayofanya kazi kwenye Windows peke yake. Alituambia neno moja tu: “Wanangu, mahesabu ya watu yasipotee.”

Tatizo lake ni la wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini isipojiandikisha kwa nyongeza ya muda, haipati tena marekebisho ya usalama, na kila mwezi unaopita huzidi kuwa rahisi kuingiliwa na wezi wa mtandaoni. Windows 11 nayo inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina.

Njia mojawapo ni kuweka mfumo wa pili pembeni ya ule wa kwanza. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, hutolewa bure na kwa halali. Ubuntu, aina yake mojawapo inayojulikana sana, ilianza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Sisi pia tuna historia humo: mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Mifumo miwili inakaaje pamoja? Anayelima Chekereni ataelewa upesi. Diski ni shamba, nasi tunaligawa majaruba. Windows inabaki katika jaruba lake, Linux inapewa la kwake. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB husimama kama mgawa maji langoni na kukuuliza: leo tufungulie upande gani? Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ukitaka mwingine, unazima na kuwasha upya.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, kisha fungua machache huko uhakikishe yanasomeka. Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Pili, ukiwa ndani ya Windows, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, andika kwenye karatasi ufunguo wake wa tarakimu 48, kisha uifungue. Zima pia Fast Startup, kwa sababu inaiacha Windows ikiwa imelala nusu badala ya kuzimika kabisa, na Linux ikigusa diski katika hali hiyo mafaili yanaweza kuharibika.

Tatu, tumia kifaa cha Windows chenyewe cha kusimamia diski kupunguza sehemu yake. Acha wazi angalau GB 40 na usiziumbize.

Nne, pakua Ubuntu au Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi. Ni GB kadhaa, kwa hiyo tafuta bando la kutosha au omba nakala kwa mwenzako. Iandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu maalumu. Kuiburuta tu na kuiweka hakutoshi.

Tano, washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Kitufe hutofautiana: F12, F9, F2 au Esc. Chagua kwanza kujaribu bila kusakinisha. Pima mtandao wa wayalesi, sauti na printa. Kisipofanya kazi kitu unachokihitaji, chomoa flashi, na hakuna kilichobadilika.

Sita, ukiridhika, anza kusakinisha. Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati utajuta. Chagua kuweka Linux sambamba na Windows. Ukiona chaguo la kufuta diski yote, usiliguse: hapo ndipo watu wengi wanapopoteza kila kitu.

Baadaye usishangae saa ikivurugika. Linux hutunza saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya dunia, Windows huitunza kwa majira ya mahali. Kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele, ukitoka Linux kuingia Windows utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Kwenye Linux andika amri hii mara moja: sudo timedatectl set-local-rtc 1.

Jambo lingine: Linux husoma mafaili yaliyo upande wa Windows, lakini Windows kwa kawaida haisomi ya Linux. Kwa hiyo, yale unayoyahitaji pande zote yaweke upande wa Windows. Na siku GRUB isipoonekana baada ya Windows kujisasisha, usisakinishe upya kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya kuwasha kompyuta uangalie kama Linux bado iko ya kwanza.

Yule mama sasa anatumia Linux kwa barua pepe na intaneti. Windows anaifungua kwa ajili ya mahesabu tu, bila kuunganisha mtandao. Mpangilio huo ndio unaompunguzia hatari. Kuwa na mifumo miwili peke yake hakuiponyi Windows ya zamani. Diski ya nje yenye nakala ameifungia kabatini, na kila mwisho wa mwezi anaitoa kuongeza mapya.