Mgonjwa na Aulizwe Uji

Tarehe 29 Novemba, 2024, Baraza la Makabwela la Uingereza lilipiga kura juu ya jambo ambalo mabunge mengi ya dunia hupendelea kulikwepa. Mbele ya wabunge ulikuwapo mswada ulioletwa na Bibi Kim Leadbeater wa chama cha Labour, uliokusudia kumruhusu mtu mzima asiyetarajiwa kupona, katika England na Wales, aombe na kupewa dawa ya kuukomesha uhai wake mwenyewe. Wabunge 330 waliukubali, na 275 waliukataa. Baada ya kuchambuliwa katika kamati mswada ulirudi barazani, na tarehe 20 Juni, 2025, ukapita tena kwa kura 314 dhidi ya 291. Tofauti iliyokuwa ya kura 55 ilikuwa imepungua hadi 23. Kutoka hapo ulipelekwa katika Baraza la Malodi, ambako ulikabiliwa na mamia ya marekebisho.

Huenda msomaji akauliza mjadala wa Waingereza watuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki. Watuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sheria zetu za jinai juu ya kujiua na kumsaidia mtu kujiua tulirithi katika zama za ukoloni wao. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, wagonjwa wanaougulia ndani ya nyumba zetu nao hutamka maneno yale yale: heri nife nipumzike. Yafaa tujiulize kwa makini maneno hayo yana maana gani yanapotamkwa kule, na yana maana gani yanapotamkwa hapa.

Wale waliouandika mswada huo hawakufungua mlango wazi. Mwombaji sharti awe amekadiriwa na madaktari kwamba hatazidi miezi sita, sharti awe na akili timamu, na sharti aithibitishe nia yake mbele ya madaktari wawili. Baada ya hapo shauri lake lipitiwe na jopo la mwanasheria, daktari wa magonjwa ya akili na ofisa wa ustawi wa jamii. Dawa yenyewe sharti ainywe au ajipe kwa mkono wake. Hoja ya wanaounga mkono ni nzito, wala haifai kubezwa. Wanasema kwamba mtu aliyetawala mambo yake maisha yote asinyang'anywe utawala huo katika wiki zake za mwisho, na kwamba sheria iliyopo huwalazimisha baadhi ya wagonjwa kufunga safari hadi Uswisi wangali na nguvu za kusafiri, wafe mapema kuliko ambavyo wangependa, mbali na kwao. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye afya ajihadhari asiwe mwepesi wa kumhubiria subira mtu ambaye maumivu yake hayajui.

Wapinzani nao wana la kusema. Wengi kati ya watu wenye ulemavu walionya kwamba haki ya kufa huweza kugeuka kuwa wajibu wa kufa, pale ambapo mgonjwa anajiona mzigo kwa wanawe. Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Wes Streeting, aliupinga mswada akieleza wasiwasi kwamba huduma kwa wanaokaribia kufa haikuwa imefikia hali ya kumpa mgonjwa hiari ya kweli. Neno hilo lilitoka katika nchi ambayo ndiyo chimbuko la huduma yenyewe, kwani ni London alikoanzisha Bibi Cicely Saunders hospitali ya St Christopher's mwaka 1967 kwa ajili ya kuwatuliza wasioweza kupona. Hata hivyo nyumba za namna hiyo nchini humo hupata kwa serikali kiasi cha theluthi moja tu ya fedha zao, na zilizobaki huchangishwa kwa hisani ya watu.

Nchi zilizotangulia zina mafunzo pia. Uholanzi ilianza kuitumia sheria yake mwaka 2002. Kanada iliruhusu mwaka 2016 kwa wale ambao kifo chao kilikuwa kinatarajiwa, na miaka mitano baadaye ikapanua ruhusa kwa wagonjwa ambao hawako karibu na kufa. Katika mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo nchini Kanada walikuwa 15,343, yaani karibu watu 5 katika kila vifo 100. Kwa hiyo anayesema kwamba mlango ukifunguliwa kidogo hautaendelea kufunguka ana kazi ya kuuthibitisha usemi wake.

Lakini funzo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote latoka katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kusaidiwa kufa imetumika tangu mwaka 1997. Kila mwaka jimbo hilo hutoa taarifa ya sababu walizotaja wagonjwa waliopewa dawa. Wengi husema wamepoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao, au hawawezi tena kufanya yaliyoyapa maisha yao ladha, au heshima yao imeondoka. Maumivu hutajwa na wachache kuliko hao. Aidha, wengi sana miongoni mwao huwa tayari wanahudumiwa na wauguzi wa kuwatuliza wasiopona. Maana yake ni kwamba kule swali la kusaidiwa kufa huulizwa baada ya maumivu kujibiwa kwa dawa. Kinachobaki hapo ni mgogoro wa dhamiri na wa falsafa, ambao watu wema wanaweza kutofautiana juu yake.

Hapa kwetu swali hilo huulizwa kabla. Chukua mfano wa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi katika wilaya iliyo mbali na mji mkuu. Kwa muda mrefu Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa ndiyo kimbilio pekee la aina yake nchini Tanzania, na ingawa sasa zipo huduma Bugando na KCMC, wagonjwa wengi bado hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Mama huyo huambiwa arudi nyumbani. Hurudi na vidonge vya maumivu vile vile anavyopewa mtu aliyeumwa jino. Usiku halali, na walio chumba cha pili hawalali. Akisema heri nife, je, amechagua kufa? Amesema kwa namna pekee aliyo nayo kwamba anaumwa. Kumpa mtu wa namna hiyo haki ya kufa kabla ya kumpa dawa ya kumtuliza ni dhuluma.

Dawa yenyewe ipo, tena si ngeni wala si ghali. Ni mofini. Unga wake huchanganywa na maji na dawa ya kuuhifadhi usiharibike, ukatiwa katika chupa, na mgonjwa hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne akiwa kitandani kwake. Pamoja nayo hupewa dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Hakuna mashine inayohitajika, wala daktari bingwa kando ya kitanda. Lakini mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilieleza kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Mataifa yanayojadili haki ya kufa ndiyo yanayoitumia mofini kwa wingi.

Wala tusiseme kwamba umaskini ndio sababu yote. Nchi ya Uganda si tajiri kutushinda. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, baada ya kuhudumu katika Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990, na mofini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza asiyepona, waandike mofini bila kumngojea daktari. Hatua hiyo ndiyo iliyoitoa dawa katika kabati la hospitali kuu na kuipeleka vijijini, ambako madaktari ni adimu na wauguzi ndio wanaomwona mgonjwa. Haikuhitaji mabilioni. Ilihitaji wakubwa walioamini kwamba muuguzi aliyefundishwa anaweza kuaminiwa kwa chupa ya dawa.

Kikwazo kingine ni hofu. Wapo wauguzi wanaoogopa kwamba mgonjwa atakuwa mlevi wa dawa, kana kwamba mtu aliyebakiwa na miezi miwili anahitaji kulindwa na hilo. Wapo ndugu wanaoamini kwamba kumpa mofini ni kumuua polepole, na kwamba dini yakataza. Ieleweke wazi kwamba kutuliza na kuua ni mambo mawili mbalimbali. Anayetuliza hukusudia maumivu yaondoke, na hupima dawa kwa kipimo cha maumivu. Anayeua hukusudia uhai uondoke. Mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaeleza madaktari kwamba yafaa kumwondolea mgonjwa maumivu hata kama dawa hiyo yaweza kuufupisha uhai wake, maadamu kifo sicho kinachokusudiwa. Katika Uislamu nako, kanuni ya dharura huwapa wagonjwa nafasi ya kutumia kwa matibabu kile ambacho katika hali ya kawaida kimezuiliwa. Anayeamini kwamba uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu hana sababu ya kuamini kwamba mayowe ya mgonjwa nayo ni sehemu ya amana hiyo.

Lipo pia suala la nani husema kwa niaba ya mgonjwa. Methali yetu husema mgonjwa haulizwi uji. Ilikusudiwa kwa wema, kwamba anayeumwa ahudumiwe bila kungoja aombe. Lakini tumeitumia kupita kiasi. Katika nyumba nyingi mwenye saratani huwa wa mwisho kuujua ugonjwa wake. Daktari huwaita ndugu pembeni, wazee hukaa kikao, shamba au ng'ombe huuzwa, na mgonjwa huelezwa kwamba ni vidonda vya tumbo. Sheria kama ile ya Waingereza ikipandikizwa katika nyumba ya namna hiyo, nani atakayekuwa anazungumza siku ya kuomba dawa? Mgonjwa aliyesikia kupitia ukutani kwamba shamba la watoto wake linauzwa kwa ajili yake, akisema nimechoka, ni vigumu kujua kama ameusema uchovu wake au amelikomboa shamba. Jopo la wataalamu watatu haliwezi kulitenganisha jambo hilo kwa mahojiano ya saa moja.

Afrika imekwisha kuonja ugumu wa shauri hili. Mwaka 2015 wakili wa Afrika Kusini, Robin Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu kusaidiwa na daktari kufa. Tarehe 30 Aprili Jaji Fabricius alimkubalia, pasipo kujua kwamba mwombaji alikuwa amefariki saa chache kabla. Mwezi Desemba, 2016, Mahakama ya Rufani iliitangua amri ile.

Kwa upande mwingine, adhabu ya jinai haimsaidii mtu huyu. Uingereza iliacha kumhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata Uhuru, huku ikiendelea kumwadhibu anayemsaidia. Sisi tuliubeba mzigo ambao mwenyewe alikuwa ameutua. Ilichukua hadi Januari, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya kutamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, chapingana na Katiba. Uamuzi huo wastahili kuigwa na majirani. Mgonjwa anayejua kwamba kutamani kufa kwaweza kumfikisha kwa polisi atanyamaza, na akinyamaza muuguzi hatajua kwamba maumivu yamemshinda.

Kwa maoni yetu, wakati wa mabunge yetu kuruhusu watu wasaidiwe kufa haujafika. Lakini mbunge atakayesimama na kusema kwamba jambo hilo ni la Wazungu, kisha akaketi na kushangiliwa, atakuwa hajafanya kazi aliyotumwa. Anayemkatalia mgonjwa kifo anachokiomba amejitwika deni la kumwondolea kile kinachomfanya akiombe. Deni hilo laweza kulipwa kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu: mofini ya maji iwepo katika kila hospitali ya wilaya na isikauke, wauguzi na matabibu wafundishwe na wapewe idhini ya kuiandika kama walivyofanya Waganda, aliyejaribu kujiua apelekwe kwa tabibu badala ya mahakamani, na mgonjwa aambiwe ukweli wa ugonjwa wake kwa upole, kisha aulizwe anataka nini.

Siku mambo hayo yatakapokuwa yametimia, akabaki mtu ambaye maumivu yake yametulizwa, anayeujua ugonjwa wake, asiyehofia kuwafilisi wanawe, na bado anaomba kufa, hapo nasi tutakuwa na mjadala ule ambao Waingereza walikuwa nao, na tutaufanya kwa haki. Kwa leo, mama yule wa wilayani angali anangojea chupa ya dawa.