Ukuta wa Berlin Haukuangushwa na Hotuba

Kila ifikapo Novemba swali ni lile lile: Rais Ronald Reagan wa Marekani aliuangushaje Ukuta wa Berlin kwa hotuba moja? Hakuuangusha. Wanahistoria wamelijibu hilo kwa zaidi ya miaka 30, na bado linaulizwa, tena na watu waliosoma.

Tarehe peke yake zingetosha kulimaliza. Reagan alisimama mbele ya Lango la Brandenburg tarehe 12 Juni 1987, akamtaka kiongozi wa Kisovieti Mikhail Gorbachev aubomoe ukuta. Ukafunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, karibu miaka miwili na nusu baadaye, Reagan akiwa ameshaondoka madarakani. Katikati hapo, Februari 1989, kijana wa miaka 20 aliuawa kwa risasi akijaribu kuuvuka. Ile hotuba haikuwa imemwondoa hata askari mmoja mpakani.

Mambo yalianzia kwingine, na yalianza na ukata. Hungaria ilikuwa imezama kwenye madeni. Waziri Mkuu Miklós Németh alipopitia bajeti alikuta fungu la kutunza uzio wa ving'ora kwenye mpaka wa Austria, uzio uliochakaa ambao kuukarabati kulihitaji fedha za kigeni. Akalifuta. Mei 1989 askari wakaanza kuung'oa, na Septemba serikali ikawaruhusu Wajerumani Mashariki waliojazana nchini humo kuvuka kwenda Magharibi. Ukuta wa Berlin ulikuwa ungali wima, lakini sasa watu waliuzunguka kwa kupitia Budapest.

Poland ilikuwa imeshatangulia. Migomo ya mwaka 1988 iliilazimisha serikali kukaa mezani na chama cha wafanyakazi cha Solidarność, ambacho yenyewe ilikuwa imekipiga marufuku. Katika uchaguzi wa Juni 1989 wakomunisti na washirika wao walijitengea asilimia 65 ya viti vya bunge. Vilivyobaki, 161, Solidarność ikavizoa vyote, na katika Seneti ikapata 99 kati ya 100. Agosti nchi ikapata waziri mkuu asiye mkomunisti, Tadeusz Mazowiecki.

Na Moscow? Vifaru vya Kisovieti vilivyozima upinzani Berlin mwaka 1953, Budapest 1956 na Prague 1968 safari hii vilibaki kambini. Huo ndio mchango mkubwa wa Gorbachev, na hauhitaji kutiwa chumvi.

Huko Leipzig, Ujerumani Mashariki, tarehe 9 Oktoba, watu wapatao 70,000 waliingia barabarani wakijua wanaweza kupigwa risasi. Mwezi mmoja baadaye msemaji wa chama tawala, Günter Schabowski, aliwasomea waandishi wa habari karatasi ya kanuni mpya za kusafiri ambayo hakuwa ameisoma vizuri. Alipoulizwa zinaanza lini, akajibu kwamba anavyoelewa ni mara moja. Umati ukafurika kwenye kivuko cha mpakani cha Bornholmer Straße mjini Berlin. Ofisa wa zamu, Harald Jäger, alipiga simu kwa wakubwa zake mara kadhaa bila kupata amri ya maana. Kwanza waliopiga kelele zaidi waliruhusiwa kupita, huku pasi zao zikigongwa muhuri juu ya picha ili wasiweze kurudi. Umati ukazidi. Yapata saa tano na nusu usiku akaamuru geti lifunguliwe. Kuwapokonya watu hawa ushindi wao na kumkabidhi rais wa nchi nyingine ni dhuluma.

Wanaotaka kujua nchi hutokaje kwenye enzi ya chama kushika hatamu wana mifano ya kutosha kutoka mwaka huo huo. Poland na Hungaria zilijadiliana. Chekoslovakia iliandamana na kugoma, na Desemba Václav Havel akawa rais. Bulgaria, wakubwa wa chama walimng'oa Todor Zhivkov wenyewe. Romania ilimwaga damu, watu zaidi ya 1,000 wakafa. Njia ya mazungumzo iliokoa maisha, ingawa mageuzi ya uchumi yaliyofuata yaliumiza: mwaka 1990 ulipokwisha, Wapoland zaidi ya milioni 1 hawakuwa na kazi. Mwaka 1995 wapiga kura walimwangusha Rais Lech Wałęsa, aliyekuwa kiongozi wa Solidarność, wakamchagua Aleksander Kwaśniewski, aliyekuwa upande wa serikali kwenye mazungumzo ya 1989. Madaraka yakabadilishana mikono bila risasi.