Likizo ya kijana Andrew

Kila mwaka, mwezi wa saba ukikaribia, nyumba zetu hujaa tena vijana. Wamerudi kutoka sekondari na chuo kikuu, masanduku yao yako chini ya kitanda, na baada ya siku tatu za kuwasalimia wajomba na mashangazi, swali lile lile laanza kuwasumbua: nizifanyie nini siku hizi zote? Mmoja atamsaidia babaye dukani. Mwingine atalala. Yuko tena yule wa tatu, mwenye moyo wa moto, atakayekaa barazani jioni akizungumza habari za haki, umaskini na dhuluma, mpaka mamaye amwite kula. Wazee husikiliza, hucheka kidogo, kisha husema: “Hayo ni maneno ya likizo. Masomo yakianza atayasahau.”

Leo twataka kuwasimulia, ndugu wasomaji, habari za vijana ambao maneno yao ya likizo hayakuishia barazani. Nchi yao ni Marekani, jimbo ni Mississippi, mwaka ni 1964. Kule, miezi ya sita, ya saba na ya nane ni majira ya joto kali, na vyuo hufungwa.

Katika Mississippi ya siku zile, zaidi ya watu wanne katika kila kumi walikuwa weusi, wajukuu wa watumwa waliolima pamba. Tangu mwaka 1870 katiba ya Marekani ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini katika kila watu weusi mia wenye umri wa kupiga kura, wasiotimia saba tu ndio walioandikwa katika daftari la wapiga kura. Yawezekanaje? Tazameni ufundi wenyewe. Mtu aliyetaka kuandikwa alipewa karatasi yenye maswali 21. Kati ya hayo, aliamriwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo alichochaguliwa na karani, kisha aeleze maana yake. Nani alihukumu kama maelezo yanatosha? Karani yule yule, mzungu, peke yake. Mwalimu mweusi aliweza kushindwa, na mzungu asiyejua kusoma vizuri akapita. Tena jina la mwombaji lilichapwa katika gazeti la mahali kwa muda wa majuma mawili, ili bwana wa shamba alione na kumfukuza kazini kabla jua halijatua. Bibi Fannie Lou Hamer alikwenda kuomba kuandikwa mwezi wa nane, mwaka 1962. Siku ile ile alifukuzwa katika shamba alilolitumikia miaka 18.

(Mei 1960 wanaume wa Kongo walikuwa wamekwisha kuchagua wajumbe wao wa bunge. Miaka minne baadaye, katika nchi iliyowafundisha wengine habari za uhuru, mzee mweusi wa Mississippi alikuwa bado anatetemeka mbele ya dirisha la karani.)

Kijana mmoja mweusi wa New York, mwalimu wa hesabu, jina lake Bob Moses, alikuwa amekuja Mississippi tangu 1961 kusaidia kazi hiyo ya kuandikisha watu. Yeye na wenzake walipigwa, walifungwa, na baadhi ya wenyeji waliowasaidia waliuawa, nchi haikushtuka. Ndipo lilipotokea shauri la kuwaita wanafunzi mia nyingi wa vyuo vya kaskazini, wengi wao wazungu, waje wakati wa likizo. Shauri hili halikukubaliwa upesi. Wenyeji wengine walisema: wageni hawa wamesoma kuliko sisi, watashika kila kazi, na sisi tutarudi kuwa watumishi katika shughuli yetu wenyewe. Wengine walijibu kwa neno chungu: mtoto mweusi akifa hakuna anayeandika, mtoto wa mzungu mwenye mali akiwa hatarini, nchi nzima itatazama. Mwishowe waliitwa, nao wakaja kadiri ya elfu moja.

Mmoja wao alikuwa Andrew Goodman, mwenye miaka 20, mwanafunzi wa Queens College katika New York. Alizaliwa katika jamaa ya Kiyahudi isiyokosa kitu. Aliweza kwenda ufukoni likizo ile, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Kwa kuwa hakutimiza miaka 21, ilimpasa apate idhini ya wazazi. Hapo, enyi wazazi, simameni kidogo mfikiri. Baba na mama hao walizoea kuzungumza habari za haki mezani pao, mbele ya watoto. Sasa mtoto amesimama mbele yao akiyadai maneno yao wenyewe. Wangemjibu nini? Walimruhusu.

Katikati ya Juni vijana walikusanyika katika chuo kimoja huko Oxford, jimbo la Ohio, wafundishwe kazi. Walijifunza jinsi ya kuanguka na kukinga kichwa wanapopigwa bila kurudisha pigo, na jinsi ya kujiangalia njiani wakati wa usiku. Huko Andrew alikutana na Michael Schwerner, mwenye miaka 24, aliyekuwa akifanya kazi Mississippi tangu mwanzo wa mwaka, na James Chaney, mwenye miaka 21.

Huyu James nataka mmkumbuke vema, kwa maana mara nyingi hutajwa upesi upesi. Alikuwa mweusi, mzaliwa wa Meridian, Mississippi. Alisoma katika shule ya Wakatoliki mjini kwao, kisha akajifunza kazi ya kupiga lipu kuta za nyumba. Yeye hakuja Mississippi kwa likizo. Alikuwa hana mahali pengine pa kurudi mwezi wa tisa. Andrew aliichagua hatari. James alizaliwa ndani yake. Sidhani kwamba hilo lapunguza sifa ya Andrew, lakini asiyeiona tofauti hiyo hajaielewa habari hii.

Walipokuwa Ohio habari ilifika kwamba kanisa la Wametodisti weusi liitwalo Mount Zion, katika wilaya ya Neshoba, limechomwa moto usiku wa tarehe 16 Juni, na waumini wamepigwa. Kanisa hilo lilikuwa limekubali kuwapa vijana nafasi ya shule. Basi, alfajiri ya Jumamosi tarehe 20, watatu hao walisafiri kwa motokari mpaka Meridian. Kesho yake, Jumapili tarehe 21 Juni, walikwenda kuyaona majivu ya kanisa na kuwafariji watu. Walipokuwa wakirudi, msaidizi wa mkuu wa polisi wa wilaya aliwakamata, akisema wamekwenda mbio mno barabarani. Walifungwa katika mji wa Philadelphia, ule wa Mississippi. Saa nne na nusu usiku walilipishwa faini wakaachwa waende. Msaidizi yule yule aliwafuata, akawakamata mara ya pili, akawatia mikononi mwa watu wa chama cha siri cha Ku Klux Klan. Waliuawa kwa risasi njiani, wakazikwa katika ukingo wa udongo wa bwawa lililokuwa likijengwa shambani. Likizo ya Andrew katika Mississippi haikutimiza siku mbili.

Wale wa kundi la pili walikuwa bado Ohio. Bob Moses aliwaambia waziwazi kwamba wenzao watatu hawaonekani, na kwamba anayetaka kurudi kwao arudi bila aibu. Karibu wote waliendelea na safari.

Serikali ilituma mamia ya wanamaji kuwatafuta watatu hao mitoni na vinamasini. Mwezi wa saba walitokea maiti wengine: Henry Dee na Charles Moore, vijana weusi wenye miaka 19, waliouawa mwezi wa tano, na hakuna askari aliyetumwa kuwatafuta. Rita, mke wa Michael Schwerner, alisema hadharani, hali mume wake mwenyewe hajaonekana, kwamba kama James Chaney angepotea peke yake, habari isingeshughulikiwa hivi. Miili ya watatu ilipatikana tarehe 4 Agosti.

Na ile elfu ya vijana ilifanya nini? Wengi walikaa katika nyumba za weusi maskini, ambao waliwaachia vitanda vyao wakijua kwamba huenda watafukuzwa kazini, au nyumba itatupiwa bomu. Walifungua shule za uhuru zipatazo 40, katika makanisa na chini ya miti. Katika wilaya kadhaa za pamba shule za watoto weusi zilifunguliwa wakati wa joto ili zifungwe wakati wa mavuno. Yaani watoto hao likizo yao ilikuwa kuvuna pamba ya bwana. Sasa waliokuja walijifunza historia ya watu wao wenyewe, wakaandika na kuchapa magazeti madogo. Walikuja wadogo, na bibi wazee pia wakaja kujifunza kusoma.

Haikuwa sherehe kila siku. Mwanafunzi wa kaskazini alipiga taipu upesi kuliko binti wa mahali. Akamwondoa kitini ili kazi iishe mapema, kwa nia njema kabisa, na binti hakurudi tena. Malalamiko ya namna hii yalikuwa mengi. Mimi nayahesabu kuwa sehemu muhimu ya habari hii kuliko picha za magazeti.

Watu kama 17,000 walikwenda kwa karani likizo ile. Walioandikwa walikuwa kadiri ya 1,600. Mwezi wa nane Bibi Hamer na wenzake walikwenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Demokrati, kudai viti vya Mississippi; walipewa viti viwili, wakavikataa. Wanafunzi wengi walirudi vyuoni. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1965, sheria mpya ya kura ilitiwa sahihi, na kabla ya 1968 zaidi ya nusu ya weusi wa Mississippi wenye umri wa kupiga kura walikuwa wameandikwa.

Mamaye James alipoteza kazi yake, akatishwa hata akahama na watoto wake kwenda New York. Mwaka 1967 watu saba walipatikana na hatia ya njama, hakuna aliyekaa gerezani zaidi ya miaka sita. Jimbo lenyewe halikumshtaki mtu kwa mauaji mpaka 2005, alipohukumiwa Edgar Ray Killen, mzee wa miaka 80. Katika kesi hiyo aliitwa shahidi Bibi Carolyn Goodman, mamaye Andrew, mwenye miaka 89. Aliisoma mbele ya mahakama kadi ya posta aliyoandikiwa na mwanawe siku ile ya 21 Juni 1964. Andrew aliwaarifu wazazi wake kwamba amefika salama Meridian, kwamba mji ni mzuri na hali ya hewa ni njema, na kwamba watu wa pale wamewapokea vizuri sana.