GB Kumi Zimekwenda kwa Nani?

Ndoa yangu ilinusurika kuvunjika kwa sababu ya bando. Usicheke, nasema kweli tupu.

Mume wangu anafanya kazi Mwanza, mimi na watoto tupo Dar es Salaam. Tulikubaliana hivyo kwa ajili ya ada za shule, tukajiwekea na utaratibu: kila siku saa 2 usiku tunapigiana simu ya video, watoto wamwone baba yao kabla ya kulala. Kila Jumatatu alikuwa ananiwekea kifurushi cha wiki, GB 10.

Jumatano moja simu ikakata katikati ya maongezi. Bando kwisha! Nikamtumia meseji ya kawaida: “Baba watoto, bando limeisha, niongezee kidogo.” Jibu lililorudi sitalisahau: “Juzi tu nimekuwekea GB 10. Mimi naongea na wewe nusu saa kwa siku. Hizo nyingine unaongea na nani?”

Jamani! Nililia kama mtoto. Lakini nami nilikuwa na langu moyoni. Kwenye hizo simu zetu, sura yake ilikuwa inaganda mdomo wazi, sauti inakuja kama ya mtu aliye ndani ya pipa, mara kimya. Akirudi hewani ni baada ya dakika 20. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: “Mtandao, mke wangu.” Kila siku mtandao? Mtandao gani huo unaonionea wivu mimi tu?

Basi tukaanza kuishi kama askari na mtuhumiwa. Yeye anahesabu GB, mimi nahesabu dakika.

Jumapili ya kilio

Ikafika Jumapili ya Mei 12, 2024. Saa 2 usiku, kimya. Natuma WhatsApp, haiendi. Nikampigia simu ya kawaida, akapokea na kusema, “Huku hakuna mtandao kabisa.” Nikamjibu kwa hasira, “Leo umechelewa kutunga uongo mpya?” Nikakata.

Kumbe mwenzenu nilikuwa nimeaibika bila kujua. Siku ile nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Serikali ilitoa taarifa, na habari zikataja mpaka majina ya nyaya zenyewe. Mtaani kila mtu alikuwa analia, kuanzia wauza nguo wa Instagram mpaka wanafunzi.

Nilimpigia mume wangu nikamwomba radhi. Akacheka, tukapatana. Lakini usiku ule nilijiuliza swali moja: mbona siku ile mtandao ulipokufa kabisa hatukugombana zaidi? Kwa sababu tuliambiwa ukweli. Tulijua nini kimekatika na wapi. Siku nyingine zote mtandao ukisuasua hakuna anayekwambia kitu, kwa hiyo unamtafuta mchawi ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Dada wa kaunta akanifumbua macho

Wiki iliyofuata nilifunga safari hadi kwenye duka la kampuni yangu ya simu. Nikamwambia dada wa kaunta, “Nataka kujua GB zangu 10 zinakwenda wapi.” Akanisomea ujumbe wa kifurushi neno kwa neno. GB 5 zilikuwa za usiku, saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi, wakati mimi nimelala fofofo. GB 2 zilikuwa za mitandao ya kijamii tu. Za kutumia ninavyotaka zilikuwa GB 3! Yote yaliandikwa, ila kwa maandishi ya sisimizi, chini kabisa. Lile kumi lilikuwa kubwa kama mlango.

Kisha akafungua mipangilio ya simu yangu, kwenye matumizi ya data. Ha! Hao ndio wanaume zangu wa nje: video zinazojicheza zenyewe kila nikiperuzi, na programu zinazojisasisha bila kunipigia hodi. Nikapiga picha ya ile orodha, nikamtumia baba watoto. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaandika, “Nisamehe.”

Na sura kuganda je? Akaniambia mnara mmoja hugawana mtaa mzima. Saa 2 usiku kila mtu yupo nyumbani anaangalia video, kwa hiyo kila mmoja anapata kipande kidogo. Nikaenda kujaribu mwenyewe kwa programu ya kupima kasi: alfajiri simu inakimbia kama swala, saa 2 usiku inatambaa. Ile saa yetu ya mapenzi ndiyo saa mbovu kuliko zote!

Kabla hujamfungia mwenzio vioo

Shoga yangu, na wewe kaka unayesoma kwa kujificha, shikeni haya:

Soma kifurushi kizima kabla ya kununua. Uliza GB ngapi ni za muda wote, ngapi za usiku, ngapi za mitandao ya kijamii tu.

Ogopa neno “hadi”. Kasi ya “hadi” fulani ni ahadi ya siku nzuri, siyo ya kila siku. Tena kasi hutajwa kwa megabiti, na megabiti 8 ndiyo megabaiti 1. Ukiambiwa 16 kwa sekunde, jua ni megabaiti 2.

Zima video zinazojicheza zenyewe, na programu zijisasishe kwenye waifai tu.

Jua haki yako. Kanuni za vifurushi za TCRA za mwaka 2021 ziliitaka kampuni imjulishe mteja matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100. Ukiona mambo hayaeleweki, lalamika kwanza kwa kampuni yako na uombe namba ya malalamiko. Wakikupiga danadana, nenda TCRA ukiwa na namba hiyo mkononi.

Sisi siku hizi tunapigiana simu saa 11 alfajiri, kabla watoto hawajaenda shule. Tunatumia zile GB za usiku zilizokuwa zinaoza bure, na picha haigandi. Watoto wanamwona baba yao akipiga mswaki, wanacheka mpaka basi.

Nimejifunza kuwa ubovu unavumilika. Mume akiniambia mshahara umechelewa, nitakula dagaa na yeye bila kununa. Kinachoua ni kufichwa. Kampuni ikiniambia “mama, leo mnara wa kwenu umeelemewa”, nitangoja. Lakini ukiniandikia kumi huku ukijua ni tatu, usishangae siku nikihama. Na hilo, wapenzi, siyo kwa laini za simu peke yake.