Hifadhi ya Wingu na Nafasi Finyu ya Tarakilishi: Mafunzo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi Kericho na Bomet

Fasihi simulizi ya Wakipsigisi imetunzwa kwa vizazi vingi katika vifua vya wazee. Mwanafunzi anayezuru vijiji vya Kericho na Bomet leo huirekodi kwa simu au kinasa sauti, kisha akaihamishia katika kipakatalishi chake. Hapo ndipo tatizo la nafasi huzuka. Dakika moja ya sauti ya WAV yenye ubora wa sidii ya muziki huchukua takriban megabaiti 10. Saa 20 za mahojiano hukaribia gigabaiti 13. Kipakatalishi cha gigabaiti 64, ambacho tayari kimebeba mfumo endeshi na programu, hujaa upesi.

Aghalabu watafiti hukimbilia hifadhi ya wingu, yaani tarakilishi za mbali zinazotunza faili kupitia mtandao. Bila malipo, Google Drive kwa kawaida hutoa gigabaiti 15, OneDrive 5 na Dropbox 2. Hata hivyo, kujiunga na huduma hizi hakupunguzi mzigo wa diski. Programu inaposawazisha folda nzima, kila faili huwa na nakala mbili: moja winguni, nyingine kwenye kipakatalishi.

Suluhisho ni kubakiza jina la faili tu. Mfano wa mkulima wa majani chai unafaa hapa. Baada ya majani kupimwa kituoni, yeye hurudi nyumbani na risiti. Mzigo wenyewe huenda kiwandani. Vivyo hivyo, huduma zote tatu zina mpangilio wa kuacha faili winguni na kuonyesha jina lake tu katika tarakilishi. Faili hupakuliwa inapofunguliwa. Katika OneDrive, kwa mfano, mtumiaji hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kuachilia nafasi. Faili zinazohitajika mahali pasipo na mtandao huteuliwa mapema ili zibaki kwenye diski.

Lakini mfano huo una mpaka wake. Mkulima akipoteza risiti, majani yake hayapotei kiwandani. Mtafiti akifuta jina la faili iliyosawazishwa, faili yenyewe hufutwa winguni na katika vifaa vyote vilivyounganishwa. Google Drive huiweka katika pipa la taka kwa siku 30, kisha huifuta kabisa. Kuachilia nafasi na kufuta, basi, ni amri mbili tofauti, na anayezichanganya anaweza kupoteza sauti ya msimulizi ambaye huenda hayuko hai tena kusimulia upya.

Kwa mintarafu hiyo, inafaa nakala asilia za WAV ziwekwe pia katika diski ya nje isiyosawazishwa. Kwa kazi ya unukuzi, nakala ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hutosha. Saa moja yake haifiki megabaiti 60. Nakala hiyo haichukui nafasi ya asilia, kwani ubanaji huondoa sehemu ya sauti, na Kikipsigisi ni lugha ya toni: mchanganuzi wa kesho atahitaji sauti kamili.