Sili ya ekseli ikivuja, usiteremke mlima

Kwa sisi tunaovusha mizigo Kobero kuelekea Bujumbura, pikapu kuukuu ndiyo mtaji. Kutoka Bugarama hadi mjini barabara inateremka zaidi ya mita 1,000. Hapo sili ya ekseli inayovuja si jambo la kuahirisha: mafuta ya difu huingia kwenye dramu, hulowesha bitana, na breki hukosa kushika upande mmoja.

Pikapu yangu ilipoanza kulowa ndani ya gurudumu la kushoto nyuma, fundi alianza na tundu la kupumulia la ekseli. Lilikuwa limezibwa na tope. Likiziba, joto husukuma mafuta nje, na hata sili mpya haidumu. Kisha akatoa tairi na dramu, akafungua bomba la breki na nati nne nyuma ya bamba, akavuta shafti, akakagua beringi na kugonga sili mpya ikae sawasawa.

Bitana zilizolowa mafuta usizioshe kwa petroli ukazirudisha. Weka mpya pande zote mbili, jaza mafuta ya difu, toa upepo kwenye breki. Ndugu unayerudi nyumbani na familia, kagua magurudumu kabla ya kupakia.